Mgongo wa Kambare

4 Oktoba

Mvua imeanza leo saa nane mchana, wakati kila mtu alikuwa ameshachoka kuingoja. Nilikuwa natoka kumpima presha mzee mmoja kule chini bondeni. Nimelowa mimi na mkoba wa kazi, rejista imepona. Hili daftari pia ni rejista, ya ziada. Tulipewa mbili na nyumba ninazohudumia hazijajaza hata moja. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji na nimezoea kuandika tarehe kabla ya kuandika jambo.

Jambo la leo ni kwamba mama mkwe ameniita jikoni kwake. Miaka kumi na minne nimeolewa katika boma hili la Lambwe, na miaka yote hiyo mama Priscah hajaniruhusu kusogelea chungu chake cha pombe. Mimi ni mtoto wa Wasabato wa Suna. Nyumbani kwetu hata chai ya majani tuliinywa kwa wasiwasi. Yeye husema mkono wangu ni wa uji.

Leo alikuwa anakaanga unga uliochachuka kwenye bati, moshi umejaa. Akauliza, "Nyar Suna, huu unga umefika wapi?" Ndivyo anavyoniita, binti wa Suna. Jina la Scovia amewaachia watu wa vitambulisho.

Nikasema umekuwa kahawia.

"Kahawia ya nini?"

Kahawia tu, nikasema. Akanifukuza.

5 Oktoba

Mvua. Hakuna jambo.

9 Oktoba

Nimejua leo. Nilipita nyuma ya nyumba yake nikamwona akimsalimia mtu kwa heshima zote, habari za watoto, habari za ng'ombe. Alikuwa anasalimia koti la marehemu mzee, mumewe, lililoanikwa kwenye kamba.

Ningecheka kama ingekuwa hadithi ya mtu mwingine. Nilimkalisha kitini nikammulika kwa tochi ya kazi. Macho yote mawili yana ukungu mweupe katikati, mtoto wa jicho, tena aliyekomaa. Akaniambia haoni tangu mvua za masika. Anaona mwanga na vivuli basi. Mlango anaufikia kwa kuhesabu hatua.

Nikamwambia unatibika, wanautoa hospitalini, mtu anarudi nyumbani. Akanishika mkono kwa nguvu. "Gordon asijue. Willis asijue. Apa."

Willis ni mume wangu. Gordon ndiye mwanawe wa kwanza, anakaa Migori mjini kwenye nyumba ya kupanga yenye geti. Tangu mzee Onyango afariki amekuwa akisema siku mama atakaposhindwa kujitunza, atampakia yeye na godoro lake ampeleke huko. Mama anaiogopa hiyo nyumba kuliko kaburi. Kaburi la mzee liko hapa, mbele ya mlango wake, na yeye hulifagia kila asubuhi. Na hospitali anaamini ndiyo njia ya kwenda kwa Gordon: ukishapelekwa mjini kwa macho, hutarudi.

Nimeapa. Mimi, mhudumu wa afya, nimeapa kuficha ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiye ninayewaambia watu maneno hayo kila wiki.

10 Oktoba

Sasa naelewa kwa nini aliniita. Siku ya Jamhuri kuna rapar, siku ya kumkumbuka mzee, na wana wote watakuja. Pombe ya rapar lazima aipike mjane. Katika boma hili kuna desturi moja: kabla mirija haijatiwa chunguni, Nicodemus, mdogo wa marehemu, huchota kikombe kimoja mchana mweupe, hukiinua, na kutangaza rangi mbele ya watu wote. Hakuna anywaye kabla ya hapo. Pombe ya Priscah hujulikana kwa weusi wake, toka hapa mpaka Oyugis. Ikitoka imepauka, Nicodemus atauliza kwa nini, na Nicodemus akishauliza kitu haachi.

Kwa hiyo mimi nitakuwa macho yake. Tutapika chungu kidogo cha majaribio kwanza.

17 Oktoba

Somo. Mama amenitafutia kikombe cheupe cha bati, kilichomomonyoka mdomo. Rangi haiangaliwi ndani ya chungu, anasema, maana chungu kirefu hufanya kila kitu kiwe cheusi. Inaangaliwa kwenye kikombe cheupe, mlangoni, si juani.

"Na usiniambie nyeusi au kahawia. Mumi unamjua?"

Mumi ni kambare. Nani hamjui?

"Mgongo wake, ubavu wake, tumbo lake. Hizo tatu zinanitosha."

Nimemwambia kazini tunatumia namba. Akasema namba hazinywewi.

22 Oktoba

Magunia mawili ya mahindi ya Willis yameshika ukungu. Amekuja kutoka Oyugis, anakouza misumari na mabati, akanilaumu mimi. Mvua ingelaumiwa na nani?

5 Novemba

Tumekoroga chungu cha majaribio leo asubuhi. Unga uliokaangwa, kimea cha wimbi, maji. Kikombeni: mgongo wa kambare kabisa. Mama ametabasamu. Sijamwona akitabasamu kwa kazi yangu tangu nilipojifungua.

6 Novemba

Siku mbaya.

Nilipofunua chungu asubuhi kulikuwa na povu zito, na kikombeni rangi imekimbia. Imekuwa kama maji ya mto uliofurika, kama chai iliyozidishwa maziwa. Tumbo la kambare tupu. Nilijua ni kosa langu, kwamba nilimwambia unga umeiva kabla haujaiva. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba tunazungumza kwa kupiga kelele.

"Nyar Suna! Rangi gani?"

Nikasema, "Mgongo, mama! Nyeusi kabisa!"

Nilitaka afurahi. Hakuna sababu nyingine.

Hakufurahi. Alikunja uso. "Siku ya pili na bado ni mgongo?" Akaweka sikio kwenye chungu, lakini kwa mvua ile hata ng'ombe angelia usingemsikia. Akanusa, moshi wa kuni mbichi ukamkohoza. Mwishowe akasema, "Basi haijaamka. Lete kimea, bakuli mbili. Sogeza chungu motoni."

Nikaleta. Nikasogeza. Nilidhani kimea ndicho kitarudisha weusi.

7 Novemba

Chungu kimefurika usiku. Sakafu yote ina povu, na harufu ya siki inatoka mpaka nje. Mama alichovya kidole, akalamba, akatema. Kisha akakaa kwenye kigoda na kuniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha:

"Jana uliona nini kwenye kikombe?"

"Tumbo, mama."

"Ukaniambia mgongo."

"Niliogopa. Nilidhani nimeiharibu."

Nje mvua ilikuwa imekatika, kuku wakianza kutoka. Ndipo akanieleza, kama anavyomweleza mtu mzima mwenzake, jambo ambalo kila mwanamke wa boma hili analijua isipokuwa mimi niliyelelewa na Wasabato. Pombe nyeusi ikianza kufanya kazi hupauka. Chachu huamka, huinuka kutoka chini, huichafua yote. Kupauka siku ya pili ndiyo afya yake. Ikimaliza kazi, machicha hushuka, weusi hurudi peke yake. Isiyopauka ndiyo mgonjwa.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima," nikasema.

"Ilikuwa nzima. Wewe uliniambia imelala, nami nikaiamsha mara ya pili. Mtu aliye macho ukimpiga kofi ili aamke atakufanya nini?"

Nimelia kidogo wakati wa kupiga deki. Yeye hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Alisema tu, "Mimi sina macho. Ukiniambia ninachotaka kusikia, huwa sina hata masikio."

8 Novemba

Nimemwaga chungu kwenye migomba. Nguruwe wa jirani wamekuja kulamba udongo na wamelala hapohapo.

15 Novemba

Tumekaanga unga upya. Nimeangalia kila baada ya mikorogo kumi. Nikisema "ubavu" anasema endelea. Niliposema "mgongo" akasema, "Wa hai au wa sokoni?" Nikasema wa hai, bado ana maji. Akasema tushushe.

Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia kuulizwa.

21 Novemba

Gordon amepiga simu kumuulizia mama. "Shem, mathe yuko aje?"

"Yuko fiti," nikasema.

Nilipokata simu nilikaa na kuitazama. Niliitamka "fiti" kwa sauti ileile niliyosemea "mgongo". Nimeandika barua za rufaa za watu saba wenye macho mabaya mwaka huu. Wa nane analala hatua ishirini kutoka kitandani kwangu.

Nimemwambia mama ninavyojisikia. Akasema niliapa. Nikasema ndiyo, niliapa. Tumemenya viazi bila kuongea.

29 Novemba

Mvua. Barua ya ruhusa ya naibu wa chifu imetoka: pombe ya sherehe, siku moja, boma moja. Willis ameibandika ukutani kama cheti.

8 Desemba

Chungu kikubwa kimekorogwa. Mgongo.

Kuna baridi. Anga imeshuka mpaka kwenye vilima.

9 Desemba

Siku ya pili. Kikombeni bado ni mgongo. Nimeangalia mara tatu, mlangoni, nikasogea hata nje na mwavuli. Mgongo.

Sikutaka kusema. Ni maneno yaleyale yaliyoua chungu cha kwanza.

"Mgongo, mama."

Akanigeuzia uso. "Mgongo wa kambare au mgongo wa Nyar Suna?"

"Wa kambare. Naapa."

"Usiape. Umeapa vya kutosha." Akafikiri. Akagusa chungu kwa nje, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Ni hali ya hewa. Kivike magunia, weka majivu ya moto pembeni. Kimea usiongeze hata punje."

Ameniamini. Angeweza kukataa, nami nisingemlaumu.

10 Desemba

Mgongo. Mama hajala chakula cha mchana.

11 Desemba

Tumbo! Povu zito, rangi ya mafuriko. Nimepiga kelele hadi Willis akadhani ni nyoka. Mama amepiga makofi. Kisha tukahesabu wote wawili kwa wakati mmoja: imeamka siku mbili baada ya wakati wake, na watu wanafika kesho.

12 Desemba, Jamhuri

Naandika nikiwa nimechoka, lakini nataka kuandika yote.

Asubuhi kikombeni ilikuwa ubavu. Inarudi, ila haijafika. Gordon amekuja na mke wake Cate, Nicodemus na wazee wenzake, watu wa kanisa la Jumapili la mume wangu. Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji alikula akaaga kabla chungu hakijatoka, ndiyo desturi ya wachungaji wenye busara.

Cate aliingia jikoni akachungulia. Akatoka, akarudi na sufuria ndogo ya sukari aliyoiunguza mpaka ikawa lami. "Shem, tia hii tu. Nani atajua?" Alinitakia mema. Niliishika ile sufuria muda mrefu kuliko inavyofaa kuandika. Ingekuwa nyeusi mara moja, Nicodemus angetangaza, Gordon angerudi Migori, na mama angebaki na kaburi lake, na koti lake la kusalimia, na giza lake. Nikaiweka chini.

Saa saba chungu kikatolewa uani. Mvua ilikuwa imepumzika. Nicodemus akainua kikombe. Kazi hii anaipenda kuliko uzee wake wa kanisa. Akakigeuza huku na huku.

"Imepauka," akasema. "Yawa! Priscah, hii si yako. Njoo uone mwenyewe."

Mama akasimama. Alikuwa amehesabu hatua asubuhi, nilimwona: tisa kutoka kiti mpaka chungu. Akazitembea zote tisa kwa madaha. Akapokea kikombe, akakiinua kwenye mwanga kama mtu anayetazama. Nami nilikuwa kando yake. Akasema chini kwa chini, midomo ikicheza kidogo tu, "Nyar Suna."

Lilikuwa swali. Ningeweza kunong'ona. Tungetoka salama. Wanawe walikuwa wamesimama pale wakimtazama mama yao akitazama kikombe, na hakuna aliyejua.

Nikasema kwa sauti ya baraza la chifu: "Ni ubavu, mama. Juzi mgongo, jana tumbo, leo ubavu."

Nicodemus akanigeukia. "Mbona anaambiwa, na kikombe kiko mkononi mwake?"

Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa mama mkwe wangu dakika ile. Kisha akashusha kikombe.

"Naambiwa kwa sababu sioni, Nicodemus. Sioni tangu masika. Na pombe yangu mmeifungua mapema kama watoto. Imechelewa kwa baridi, bado inafanya kazi. Funikeni. Saa kumi njoo uangalie tena, wewe mwenye macho."

Willis alinitazama, nikatazama chini.

Gordon ndiye aliyeanza. "Mathe, panga nguo. Kesho tunaenda wote town. Hii stori ya kukaa hapa imeisha."

"Shem," nikasema, "huu ni mtoto wa jicho. Unatolewa asubuhi, siku ya pili mtu anafunguliwa kitambaa. Nimewaandikia watu saba barua mwaka huu, na wa kwetu nikamficha. Nilaumu mimi. Lakini sio ugonjwa wa kumhamisha mtu kwake."

"Ulijua?" Willis aliuliza.

"Nilijua."

Mama akatafuta kiti kwa mkono, na safari hii hakujificha. Cate akamsaidia. Alipokaa akasema, "Gordon. Macho yangu utayapeleka, nimekubali. Mimi utanirudisha hapa. Sema mbele ya baba zako."

Gordon aliwatazama wazee, akalitazama kaburi, akapangusa uso. "Nitakurudisha, mama," akasema, na nilisikia ameacha kumwita mathe.

Saa kumi Nicodemus alichota tena. Kikombe kile cheupe kilikuwa cheusi mpaka kwenye mdomo uliomomonyoka, cheusi kinachong'aa. Mgongo, wa hai. Akakitazama, akameza funda, akafumba macho.

"Hii," akatangaza, "ndiyo pombe ya Priscah!"

Wakatia mirija. Nilingoja mama aseme lolote kuhusu nani aliyeangalia rangi siku zote hizo. Hakusema. Nami sijui hata ladha yake, Msabato mzima na mwili unanuka chachu.

13 Desemba

Nimemsalimia mama asubuhi. Akajibu, "Salama, Scovia."

Scovia! Kama mtu wa vitambulisho.

16 Desemba

"Scovia, maji yamekwisha." Basi. Hakuna jingine kwa siku nzima.

20 Desemba

Scovia.

25 Desemba

Krismasi. Tumechinja jogoo. Mama amenipa paja kwa mkono wake, bila neno. Sijui kama ni msamaha au ni paja tu. Nimekula.

7 Januari

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji leo. Gordon ametupeleka kwa gari lake na kutungoja siku nzima kwenye benchi bila kulalamika, nami nimeanza kumpenda. Mama alinishika kidole njia nzima kama anavyoshika kamba ya mbuzi. Hakunena.

8 Januari

Wamemfungua kitambaa. Daktari alimuuliza vidole vingapi, akasema vitatu, kwa dharau. Kisha akanigeukia akanitazama kwa muda mrefu, jicho moja jekundu, limejaa maji.

"Una mvi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mama. Mwaka juzi kidogo."

"Na hakuna aliyeniambia." Akanyoosha mkono akagusa nywele za kando ya sikio langu, akazifikiria kama anavyofikiria unga. "Nyar Suna," akasema, "umechoka. Twende nyumbani."

Nililia mbele ya daktari, na sijali.

Gordon alimrudisha jioni ileile.

12 Januari

Amelifagia kaburi mara mbili. Koti la mzee amelikunja akaliweka sandukuni. Ameniuliza kwa ukali kama kuna mtu aliyemwona akilisalimia, nikasema hakuna. Huo ni uongo, lakini ni wa kwangu.

18 Januari

Mvua imekwisha kabisa. Mama amekoroga chungu kidogo jana, cha kumshukuru Nicodemus, na kumnyamazisha. Mabati yametulia, na chachu inasikika ikichemka mpaka mlangoni.

Nilikuwa natoka kwenda kazini, mkoba begani. Nikamkuta amesimama mlangoni kwake na kile kikombe cheupe, amekiinua kwenye mwanga, jicho zima wazi.

"Nyar Suna! Njoo uniambie rangi."

"Mama, si sasa unaona?"

"Naona." Akaninyooshea kikombe. "Niambie hata hivyo."

Nikaweka mkoba chini. Nikaangalia vizuri, mlangoni, si juani.

"Tumbo, mama."

"Tumbo," akasema, akakimimina kikombe tena chunguni.